Vidole Viwili Mezani

Yaliyompata rafiki yangu Suet-fan yalimpata mchana kweupe, kwenye mkahawa wa mtaani kwao Sham Shui Po, Hong Kong. Mkahawa wenyewe uko chini ya ardhi, na sifa yake ni maandazi ya mvuke yenye sura ya paka wanaosinzia.

"Dada, nilindie kiti, nikachukue paka wetu kabla hawajaisha," mdogo wake Ka-lok alisema, akapotelea kwenye msongamano.

Suet-fan hakutulia. Mara apange vikombe, mara ageuke nyuma. Ghafla umeme ukakatika. Gizani akasikia kiti cha mbele yake kikivutwa.

"Umerudi?"

Akapapasa birika, akamimina chai upande ule. Vidole viwili vikagonga meza taratibu, kama wanavyoshukuru watu wa huko wakimiminiwa chai.

"Makubwa! Leo una adabu wewe!"

"Dada!" Ka-lok akaita kutoka mbali, jikoni kabisa. "Huku sioni kitu!"

Taa zikawaka. Kiti kilikuwa kitupu, na kikombe kikavu.

Suet-fan akalikumbatia birika, asimimine tena. Likaanza kuwa jepesi mikononi mwake, kidogo kidogo. Kisha mezani, mbele ya kiti kile, vidole viwili vikagonga.