Msumari wa Jiwe la Mpaka

Maiti ililala chali hatua kumi kupita jiwe la mpaka, kwa hiyo ilikuwa kesi ya nchi jirani. Hivyo ndivyo mratibu wa mradi wa utalii alivyomweleza Inspekta, bila haya.

Marehemu alikuwa mwongoza watalii, akiitwa Dira. Kesho yake mawaziri wa nchi zote mbili walitarajiwa kuzindua njia mpya ya wageni, inayopita daraja la mbao upande huu na kuendelea hadi kwa majirani. Mratibu alisema alimwona Dira kwa macho yake akivuka mpaka asubuhi, kitambulisho cha kazi kifuani, kisha akateleza. Polisi wa ng'ambo walishaandika: ajali.

Inspekta aliinama. Kisogo kilikuwa kimepasuka, lakini mwamba chini yake haukuwa na tone la damu.

Mjane wa Dira alilia, akakigusa kile kitambulisho, akamgeukia Inspekta.

"Afande, mume wangu havuki na hiki hata siku moja."

Akamwonyesha msumari kwenye jiwe la mpaka. Tangu waongozaji wawili washikwe ng'ambo kwa kufanya kazi bila kibali, kila mmoja alitundika kitambulisho chake pale kabla ya kuvuka. Aliyeijua njia kwa miguu alilijua hilo. Mratibu aliijua kwenye ramani tu.

Basi Dira alivushwa akiwa maiti. Inspekta alipandwa na hasira. Karibu na daraja lilikutwa toroli la mafundi, limeoshwa juujuu, damu imeganda kwenye gurudumu.

Mratibu alihojiwa ofisini kwake, kati ya mabango ya uzinduzi.

"Alivuka na kitambulisho?"

"Kifuani. Ndiyo kanuni, niliiandika mimi."

"Jiwe la mpaka lina msumari. Wa nini?"

Mratibu aligeukia ramani ukutani. Inspekta akamwambia alama za vidole zilizo kwenye toroli zinapimwa.

"Alikataa kuvusha watu," Mratibu alisema hatimaye. "Alidai mbao za daraja zimeoza, atawaambia mawaziri. Nilimsukuma, akagonga kisogo kwenye nguzo ya daraja."

"Ukaenda kumtupa kwa jirani."

"Kule wasingechunguza sana."

"Kwa nini hukubadili mbao?"

"Ingechukua siku mbili. Tarehe ilishachapishwa kwenye mabango."

Inspekta alimfunga pingu, kisha akaenda mwenyewe kulifunga daraja. Akazihesabu mbao zilizooza.

Zilikuwa tatu.