Kikomo na Saa Sita

Asubuhi hiyo ukumbi wa wateja wa mamlaka ya umeme ulifurika watu wenye hasira na vitu vilivyoungua. Huyu kabeba feni, yule redio, na bibi mmoja kaja na mlango wa friji peke yake, kana kwamba mlango ulitosha kuwa ushahidi. Mhandisi wa mipango alikuwa anakatiza tu kwenda kunywa chai, kavaa gauni la rangi ya haradali lililomkaa sawasawa, na mwenyewe alijua limemkaa. Kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu akamzibia njia.

"Dada, unafanya kazi hapa?"

"Nafanya, lakini sio kaunta..."

"Basi nishikie." Akamtwisha mikononi inveta iliyoungua, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, nyeusi ti kwa masizi.

"We! Gauni langu!"

"Pole. Na mimi pole yangu nani atanipa? Mimi ndiye fundi wa sola, wateja wananitafuta kama mwizi."

Mhandisi alitaka kumfokea, lakini hamu ya kazi ikamshinda. Akainusa ile inveta. "Imeungua mchana, saa sita hivi. Mtaa gani?"

Fundi akamtajia. Mhandisi akacheka. "Mnajiunguza wenyewe. Mapaa mengi yana paneli. Saa sita jua kali, watu wako kazini, nyumba hizo zote zinarudisha umeme kwenye laini kwa mkupuo mmoja. Laini inazidiwa. Kila laini ina kikomo chake, bwana."

"Na hicho kikomo anaweka nani?"

"Mimi."

Fundi akamwangalia kuanzia viatu mpaka hereni, bila haraka. "Basi mimi ndiye Saa Sita. Na wewe, Kikomo, chai unanywea wapi?"

Ikawa hivyo. Kikomo na Saa Sita, wakaoza kwa mapenzi. Simu zilianza kabla ya kupiga mswaki.

"Kikomo wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka nimezidiwa."

"Na nini?"

"Na wewe, mjinga wewe."

Fundi alimpeleka kwa mama yake, aliyekuwa anaishi mtaa huohuo wenye shida. Mama alimkagua, akamgeuza, akamshika mashavu. "Mkwe wangu," akasema, kama mtu aliyemaliza kununua. Mhandisi alilia chooni kwa furaha, maana yeye mama hakuwa naye tena.

Sasa shida. Mtaa ule ulikuwa umeomba nyumba zote zilizobaki ziruhusiwe sola, na fundi aliyetajwa kwenye maombi alikuwa Saa Sita mwenyewe. Faili lilikuwa mezani kwa Kikomo. Na mamlaka ina desturi yake: kikao cha wananchi hakianzi mpaka kila ofisa asimame na kusema ana uhusiano gani na mafundi waliomo kwenye shauri. Aliye nao anatolewa kwenye shauri. Aliyeficha akagundulika, kazi yake yote inafutwa na yeye anaondoka.

"Mtaje tu mchumba wako, faili nipe mimi," angesema mwenzake wa meza ya pili, ambaye dawa yake ilikuwa moja: funga laini, asiongezwe mtu. Kikomo alikuwa na njia bora. Inveta zote ziwekewe kiwango, zipunguze zenyewe saa za jua kali, na kila nyumba ipate. Akaamua kunyamaza, kwa ajili ya mtaa, alijiambia. Kwa ajili ya Saa Sita. Kiti chake alichokipenda nacho hakukitaja, hata moyoni.

Asubuhi ya kikao fundi alipiga simu. "Leo ukiulizwa, nitaje. Usiogope kitu."

"Mpenzi, tumeshaongea hili."

"Nitaje tu. Mama anakuja, kavaa na viatu vya harusi ya dada. Nimeshafanya la..."

"Usinisukume, tafadhali! Naingia ukumbini." Akakata.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya pili, pochi mapajani, akimtabasamia. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani ya kamba, akauliza lile swali lake. Zamu ya Kikomo ikafika.

"Mwenyekiti, hakuna fundi ninayemfahamu humu."

Mama akageuka kumtazama mwanawe. Fundi hakugeuka kumtazama mama.

"Vizuri," akasema mwenyekiti. "Niwajulishe pia kwamba fundi wa mtaa huu amejitoa leo asubuhi. Wakazi watatafuta mwingine. Fundi, kulikoni? Kazi kubwa kama hii?"

Saa Sita akasimama. Alikuwa kavaa shati jeupe, kola imepigwa pasi hadi inang'aa. "Kuna mtu nilitaka awe huru kunitaja mbele za watu."

"Yupo humu?"

Kikomo alishika ukingo wa meza. Jina lake lingetoka sasa hivi, na angestahili.

"Nilidhani yupo," fundi akasema. "Nilikosea." Akampa mama mkono, wakatoka.

Kikomo akaendelea na hesabu zake za inveta kwa sauti iliyotulia. Alipigiwa makofi.

Alipiga simu mpaka vidole vikauma. Hatimaye ikapokelewa.

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema akilia. "Wangefunga laini."

"Nilikuwa nimeshaiacha hiyo kazi. Kwa ajili yako."

"Sikujua! Nisamehe. Nifanye nini? Niambie chochote."

"Siku ya uamuzi nitakuja. Na mama pia."

"Nitakutaja. Naapa. Waniachishe kazi kama wanataka."

"Tutaonana, Kikomo."

Kaniita Kikomo! Alilala na lile neno. Akalipeleka gauni la haradali kwa dobi, doa la masizi likatoka, akalivaa. Mapenzi yanapumbaza hata wenye digrii.

Siku ya uamuzi mwenyekiti alikuwa ameshafungua kinywa Kikomo aliposimama. "Nilidanganya kikao hiki. Yule pale ni mchumba wangu. Nampenda. Niondoeni, lakini iandikwe."

Minong'ono ikapita ukumbi mzima. Mwenyekiti akavua miwani. "Hilo ni zito, binti. Likiwa kweli, hesabu zako zinafutwa na mtaa unaanza upya. Fundi, ni kweli?"

Saa Sita akasimama taratibu. Alimtazama Kikomo usoni, macho makavu, kama anavyoangalia paa la mtu asiye na hela.

"Simfahamu, mzee."

Mtu akacheka nyuma. Wakafuata wengine. "Masikini, anajipendekeza," mwanamke mmoja akasema, wala hakunong'ona. Mwenyekiti naye akatabasamu kwa huruma. "Kazi zinachosha. Keti, binti. Mtaa umeruhusiwa."

Makofi yakalipuka, wakazi wakakumbatiana. Kikomo alikuwa na kazi yake, na mpango wake umepita.

Aliwakimbilia mlangoni. "Uliniokoa," akamwambia, akishika mkono wa shati lake. "Ulisema vile uniokoe, sivyo? Niambie ni hivyo."

"Hapana," fundi akasema. "Nilitaka ujue inavyouma mbele za watu. Nilikuja kwa hilo tu."

Kikomo akamgeukia mama. "Mama, niambie kitu wewe."

Mama alimtazama mashavu aliyoyashika siku ile. Akahamisha pochi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Samahani, dada," akasema kwa adabu. "Tunaomba kupita."

Kikomo akawapisha.