Lugembe Ashuka Garini

Katika kijiji cha ujamaa cha Isongwa, upande wa Sikonge, palikuwa na gari moja tu. Lilikuwa landrova kuukuu la dizeli, na watu waliliita Babu. Jina lilimfaa. Asubuhi alikohoa sana, na hakuwaka bila kusukumwa. Kila abiria alikuwa na pembe yake ya kusukuma. Aliyeitoroka pembe yake alisemwa kijiji kizima.

Dereva alikuwa Mzee Lugembe. Yeye hakusukuma. Alikaa kwenye usukani, amenyooka kama hakimu. Kwa Lugembe, kushuka topeni ilikuwa kazi ya utingo na abiria. Babu alipokwama, Lugembe alibonyeza kirungu cha njano kando ya gia. Magurudumu yote manne yalivuta, Babu akatoka huku akilalamika.

Mwaka 1976 Babu alistaafu. Injini yake ilipelekwa kusaga mahindi. Kijiji kilipata gari jipya, la dizeli pia. Lugembe alikwenda Tabora kulichukua kwenye gereji ya Vinod. Alifuatana na Paskazia, bibi shamba wa tumbaku.

"Shikamoo, Mzee," alisema Vinod. "Njoo huku mbele nikuonyeshe magurudumu. Si kama yale ya gari la zamani."

"Marahaba. Magurudumu nayajua, kijana. Yako manne."

"Ndiyo, Mzee, lakini haya ya mbele..."

"Na la akiba ni la tano. Lete ufunguo."

Lugembe alipanda, akarekebisha kioo, akajitazama humo na kuridhika. Paskazia alibaki nje kidogo. Vinod akamwonyesha yeye.

Wiki hiyo soko la tumbaku lilifunguliwa Sikonge. Marobota ya kijiji yalipakiwa kwenye gari jipya. Josepha, mke wa Lugembe, alipanda juu ya marobota pamoja na wanakijiji wengine. Paskazia alikaa mbele.

"Ndugu Lugembe," alisema mwenyekiti Masolwa, "hapo umebeba jasho letu la mwaka mzima. Tumbaku ikilowa itaota ukungu. Hakuna atakayeinunua."

"Mwenyekiti, mbuga hii naivuka tangu enzi za mkoloni."

"Uliivuka na Babu," alisema Josepha kutoka juu. "Na huyu bado hamjajuana."

Zilikuwa mvua za mwisho za Aprili, na mbuga ilikuwa tope jeusi. Katikati yake gari lilikwama. Lugembe hakushtuka. Alivuta mkono wa gia wa magurudumu manne, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalizunguka na kurusha tope. Ya mbele yalitulia kama wageni rasmi.

"Shukeni msukume," aliamuru Lugembe.

Walishuka. Kila mmoja alikwenda kwenye pembe yake ya siku zote. Walisukuma mpaka Josepha akapakwa tope usoni. Gari lilizama zaidi.

"Mzee Lugembe," alisema Paskazia, "haya magurudumu ya mbele..."

"Binti, wewe ni wa tumbaku. Niachie mimi gari."

Akakanyaga tena. Gari likazama tena. Sasa tope lilikaribia ubao wa nyuma, na juu ya ubao huo yalilala marobota ya chini.

"Baba Imakulata," Josepha alimwita mumewe, "tukisukuma tena, tumbaku itakwenda kuogelea."

Lugembe alizima injini.

"Vinod alisema nini?" alimuuliza Paskazia kwa sauti ya chini.

"Alisema ushuke."

"Nishuke mimi?"

"Wewe au mwingine, gari halichagui. Mkono huu wa ndani peke yake hautoshi. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko chenye mshale. Sasa kimefunguliwa, kwa hiyo nguvu ya injini haifiki kwenye gurudumu. Kizungushe mpaka alama ya kufunga. Kushoto na kulia, yote mawili."

"Na kwa nini wametutengenezea usumbufu huu?"

"Kwenye barabara kavu magurudumu mawili yanatosha. Hapo unaokoa dizeli, na vyuma haviliki ovyo. Tukifika pakavu, utarudisha mkono wa gia, kisha utafungua vifuniko."

"Nishuke tena."

"Ushuke tena."

Lugembe alivua viatu, akakunja suruali. Abiria walisogea kutazama. Wengi hawakuwahi kuiona miguu yake.

"Karibu," alisema Josepha, akimsogezea nafasi topeni.

Lugembe alipiga magoti, akafukua tope, akazungusha kifuniko cha kushoto. Cha kulia kilikuwa kigumu. Alikifuta kwa kofia yake mpaka kikakubali. Akapanda, akaingiza gia ndogo, akaachia klachi polepole, bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Magurudumu ya mbele yaliuma tope. Gari likatoka likitambaa.

Tumbaku ilifika Sikonge kavu, ikanunuliwa yote.

Siku hizi Lugembe hangoji kukwama. Kabla ya kuingia mbugani husimamisha gari, hushuka, hupiga magoti kwenye gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Abiria wageni hudhani anaomba dua ya safari. Huvua kofia na kuinamisha vichwa mpaka amalize. Lugembe hajamsahihisha hata mmoja.