Mwalo wa Mzee Celestini

Kila asubuhi Kezia Niyonzima aliteremka kati ya migomba mpaka kando ya mto Ruvubu, wilayani Ngara. Alikuwa darasa la sita, na shule yao ilikuwa ng'ambo. Hapo mtoni palikuwa na mwalo, yaani mahali pa kuegeshea mitumbwi, ambao Mzee Celestini Nduwayo aliujenga kwa mikono yake. Alipanga mawe yakawa ngazi, akasimamisha banda la kuwakinga abiria na mvua. Mtu ambaye mtumbwi wake umetoboka alimpelekea yeye auzibe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo nikufunge boya."

Bila kuvaa boya, hakuna aliyevushwa. Hata mwalimu mkuu aliwahi kuteremshwa mbele ya wanafunzi wake kwa sababu alilikataa. Kwa miaka yote ya mwalo huo, hakuna abiria hata mmoja aliyezama.

Jumanne moja, wiki ya mitihani, Kezia alifika kabla ya wenzake. Mzee Celestini alikuwa akimfunga boya, mara mkono wake wa kulia ukalegea, mkanda ukamponyoka. Kezia akamtazama usoni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mzee alijaribu kusema, maneno yakatoka mazito, hayaeleweki. Akakaa chini kwenye ngazi. Baada ya dakika chache uso ukarudi kama kawaida.

"Babu, nikamwite bibi?" Kezia aliuliza.

"Hapana, ni uchovu tu. Usimwambie mtu. Wakisikia, watanikataza kuja mtoni."

Kezia akaitikia kwa kichwa. Alimpenda mzee huyo, na hakutaka kuwa yeye wa kumwondoa mahali alipopapenda.

Siku tisa baadaye, watoto kumi na wawili walikuwa wamekwisha kuingia mtumbwini. Mzee Celestini aliinama kufungua kamba, akaanguka, asiinuke tena. Danstan, mpiga kasia wake, aliruka nje akamgeuza, akamwita kwa jina mara tatu. Wanaume wakambeba mbio kumpeleka zahanati. Watoto walibaki wamekaa mtumbwini na maboya yao, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwaambia washuke. Walikuwa bado wamekaa pale habari zilipofika kwamba mzee amefariki.

Kwa siku tatu hakuna mtumbwi uliovusha wanafunzi. Kezia alishindwa kula. Mama yake alidhani ni majonzi tu, naye Kezia hakumweleza.

Siku ya kuondoa matanga, watu wa pande zote mbili za mto walikusanyika mwaloni kumkumbuka. Mwalimu mkuu alisimulia alivyoteremshwa mtumbwini, watu wakacheka kidogo. Mama mmoja, Joan, alieleza jinsi mzee alivyomvusha kwenye mvua kubwa akiwa na uchungu wa kujifungua, na jinsi alivyomngoja nje ya zahanati mpaka mtoto akalia.

Kisha mwenyekiti wa kijiji akasema, "Kifo hiki kimetushtua kwa sababu hakikuonyesha dalili yoyote."

Kezia akasimama.

"Dalili ilikuwepo," alisema. "Mimi niliiona."

Akaeleza yote: mkono, mdomo, maneno mazito na ahadi aliyoitoa. Alipomaliza, akamgeukia Bibi Nyirabahizi, mjane wa marehemu, akingoja kukaripiwa.

"Ulisema Jumanne?" Bibi aliuliza. "Mimi nilimwona Jumapili, siku mbili kabla yako. Kikombe kilimponyoka mezani, nusu ya uso ikalegea. Akaniapisha nisiwaambie watoto wetu."

Danstan alishika kichwa kwa mikono miwili. "Hata mimi nilimwona," alisema. "Tulikuwa katikati ya mto. Nilimpokea kasia mpaka tukafika. Akaniambia ni siri yetu sisi wawili."

Kila mmoja kati ya hao watatu alidhani anajua peke yake.

Ndipo Uwase, muuguzi wa zahanati, akasimama. "Zile zilikuwa dalili za kiharusi," alisema. "Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama hali imerudi kawaida. Siwezi kusema kwamba angepona. Ila hakupata nafasi ya kutibiwa. Nawe Kezia, kosa si lako. Mtu mzima ndiye aliyekutaka unyamaze."

"Kiharusi mara nyingi huletwa na shinikizo la damu lililo juu," akaongeza, akatoa kipimo chake kwenye mkoba. Bibi Nyirabahizi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Danstan alifuata. Uwase alimpima, akampima tena; shinikizo lake lilikuwa juu mno.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

Danstan alitazama chini. "Tangu mwezi wa pili."

"Hukuniambia," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

Siku hiyohiyo Danstan alikwenda hospitali, akaanza dawa, na chumvi ikapunguzwa mezani kwake. Daktari alipomruhusu, alirudi mtoni. Sasa Uwase huja mwaloni kila mwezi na kipimo chake, na foleni huwa ndefu.

Asubuhi ile mitumbwi ilipoanza tena kuvusha wanafunzi, baada ya matanga, Bibi Nyirabahizi ndiye aliyewapanga watoto. Kabla hawajaingia, aliwasimamisha.

"Mume wangu alikuwa mtu mwema," alisema. "Tulimpenda, ndiyo maana tukamtii hata pale tulipopaswa kumkatalia. Mtu akikuomba umfichie ugonjwa wake, usikubali. Nenda ukamwambie mtu anayeweza kumsaidia. Akikukasirikia, mwache akasirike akiwa hai."