Maikrofoni Iliyovuta Pumzi

Pumzi moja, usiku, ndani ya visikizio.

Mke wa fundi alidhani ni yake. Akaacha kusoma, akabana pua, akasubiri. Ikaja tena, ndogo, yenye kikohozi.

Kazi yake ilikuwa kuwarekodia vitabu wanafunzi wasioona, na alisoma usiku barabara ikishanyamaza. Sasa rekodi zilikuwa zinarudishwa. "Dada, mtoto wako anakuingilia," waliandika. Lakini mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kaburi dogo la binti yake wa kwanza.

Kulipokucha mumewe, fundi wa kompyuta, alikaa mbele ya kompyuta ya kurekodia, yenye mfumo wa Linux, akipiga miayo.

"Ni draiva tu, ile programu inayoendesha sauti," alisema. "Imechanganya njia. Badala ya kusikiliza maikrofoni, inasikiliza spika zake yenyewe."

"Kumbe nayo ina dereva?" mama wa fundi alidakia kutoka mlangoni. "Si umwachishe kazi tulale!"

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Fundi akabadilisha njia ya sauti, akasakinisha draiva upya, akawasha upya. Kisha akajirekodi: "Moja, mbili."

Akaicheza. "Moja, mbili," ilisema sauti yake. Na kando yake, taratibu: "Tatu."

Hakuna aliyecheka.

"Ni yeye," mke alinong'ona. "Niache nimwite, mume wangu. Mara moja tu. Nimechoka."

"Ukome!" Tangu mazishi, mama mkwe alikuwa amepiga marufuku jina la yule binti humo ndani. "Aliyekufa haitwi. Atakayeitika si yeye, ni jini aliyevaa sauti yake, anatafuta pa kuingia." Akamtazama tumboni. "Na kwako mlango uko wazi, mwanangu."

Fundi akarudi kwenye kibodi. Aliiondoa draiva yote, na mashine ikamjibu kwamba haioni kadi ya sauti yoyote. Akachomoa maikrofoni. Akachomoa spika. Waya zikaning'inia mkononi mwake kama mizizi iliyong'olewa, lakini pale kwenye skrini ule mstari wa kijani wa kupimia sauti ukaanza kupanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtoto aliyelala, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya kumpaka mtoto na jasho la homa, na kutoka kwenye spika zisizounganishwa na chochote ikatoka sauti ambayo haikumwita mama wala baba.

"Bibi. Nibebe."

Mama mkwe akashika mwimo wa mlango. Mgongo wake ndio uliombeba yule binti kila alasiri, hata siku ile ya mwisho, akidhani amesinzia tu.

"Bibi, mgongo wako una joto."

Ndipo mke alipohisi mimba ikigeuka, nzima nzima, kuielekea sauti, na ile hamu yote ya kuita ikamtoka, akajiinua kwenye kiti akijishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama, usiitike! Mama, nakuomba, si yeye, umesema mwenyewe si yeye—"

Lakini bibi alikuwa ameshainama, mikono nyuma, kama mtu anayempokea mtoto mgongoni.

"Chausiku," akasema.