Wafiwa Wasiojua Kutukana

"Maiti amepita Mchinga," Dativa alisema kwenye simu. "Hana wa kumlilia."

"Magari mangapi?"

"Moja. Land Cruiser nyeupe. Matawi mbele, kitambaa cha kijani juu ya jeneza. Na safari hii anasindikiza mwenyewe."

Saad aligeuza samaki kwenye karai. Hakuuliza huyo mwenyewe ni nani.

Kornelio.

Miaka mitano iliyopita Kornelio alimfunga nanga kiunoni na kumsukuma majini karibu na Songosongo, kisha akawasha sigara na kuondoka. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hafungi fundo vizuri. Saad alitoka majini na kovu la kamba, sauti iliyokwaruzika kwa chumvi, na uamuzi mmoja: abaki amekufa. Maana Kornelio akijua kuwa yule jasusi aliyejipenyeza kwenye genge lake yu hai, ataanza na walio nyumbani kwake. Nyumbani kwake ni Kikole, na aliye nyumbani ni Warda, mkewe.

Basi akafa. Idara ikafuta jina lake. Kikole wakatandika mikeka, wakamsomea hitma bila maiti, wakala pilau, wakatawanyika. Tangu hapo Saad anapigana peke yake, bila kitambulisho wala bosi, na simu yake aina ya Tecno ina namba moja tu, ya Dativa, mwanamke wa idarani Dar es Salaam ambaye hakuwahi kukubali kufuta kila kitu. Usidhani ni maisha ya raha haya. Mtu anakula peke yake, anaumwa peke yake, na Idi anaswali safu ya nyuma kabisa na kuondoka kabla watu hawajaanza kushikana mikono.

Hapa Somanga aliitwa Jerome, mkaanga samaki wa kando ya barabara kuu. Alijifunga taulo kichwani hadi kidevuni, akidai jino linamsumbua. Chini ya taulo ilikuwapo kofia ya kiua aliyoshonewa na Warda walipochumbiana. Ndani ya mfuko wa unga wa ngano ilikuwapo Glock 17.

"Huu ni msiba wa tatu," alisema Dativa. "Misiba miwili imeshapita na vibali safi, mihuri yote. Kifaa ulichobandika chini ya bampa kule gereji ya Lindi kinafanya kazi, namwona kila kona. Lakini siwezi kumsimamisha. Nikituma askari wafunue jeneza barabarani, tukute kweli mzee wa watu amelala, mimi na wewe tutatafuta pa kujificha."

"Mimi nimeshajificha."

Dativa hakucheka. "Vijana wangu wako kwenye Noah nyeusi, kituo cha mafuta. Wanataka sababu tu. Wape sababu."

"Kibali kinasema marehemu ni nani?"

"Mzee wa Kimwera, wa Mtama. Anapelekwa kwa wanawe Mbagala."

Saad aliacha kijiko hewani. Yeye mwenyewe ni Mmwera. Na alijua ni nani kwenye dunia hii anayeweza kusimamisha jeneza la Mmwera bila bunduki, bila kibali, na asiguswe na mtu.

Tatizo ni kwamba huyo mtu alimjua Saad tangu hajaota meno.

"Dativa. Nikimpata huyu leo..."

"Ukimpata leo unaweza kufufuka," Dativa alisema polepole. "Mtandao wote unakaa kichwani mwake. Lakini Saad, kabla hujaenda Kikole, nataka—"

Saad alikata simu. Miaka mitano hakuuliza habari za Kikole hata mara moja, maana aliogopa kwamba akianza kuuliza, hatavumilia kukaa mbali. Leo hakutaka kuzisikia kwenye simu. Alitaka kuzisikia uani kwake, akiwa amevua viatu.

Bibi Maimuna alikuwa kwenye kibanda chake cha vitumbua, ng'ambo ya barabara. Ni Myao, na Wayao na Wamwera ni watani wa jadi, tena wale wasioachiana. Zamani aliishi Kikole, ukuta kwa ukuta na kina Saad, kabla hajahamia Somanga kwa binti yake. Msiba wowote wa Mmwera ukitokea, Bibi Maimuna huwa wa kwanza kufika: anavaa suruali ya marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza hadi wafiwa wamtukane vya kutosha na kumpa chochote. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ndiyo kazi ya mtani, kumfanya mtu acheke siku ambayo hawezi kucheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimtazama kwa macho yenye ukungu. Siku hizi mtu kwake ni kivuli na sauti tu. "Jerome wa jino. Samaki wako jana walikuwa na chumvi kama machozi ya Mmwera kwenye msiba wa mkwewe."

Jibu lilimjia Saad mdomoni lenyewe, lile la matusi ya kizamani kuhusu Wayao na panya. Alilimeza. Hakuna kitu kigumu kama kutaniwa na mtani wako ukabaki umenyamaza kama mgeni.

"Bibi, nimesikia kuna msiba unapita hapa leo. Wa Mmwera. Wanatoka Mtama."

Bibi Maimuna aliweka chini mwiko.

"Mmwera amekufa," alisema, "na wanataka kumpitisha mlangoni kwangu kimyakimya, kama gunia la ufuta?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Veronika!" aliita jirani yake. "Waite wenzako! Leteni mkeka, na ule mti wa mnazi ulioanguka! Kuna Mmwera hapa anataka kutoroka!"

Saad hakumwambia kuhusu silaha za wale watu. Alirudi kwenye karai lake akijichukia, akaongeza kuni, akasogeza meza hadi ukingoni mwa lami. Alijiahidi kwamba hatakuwa mbali naye zaidi ya urefu wa mkono. Mtu aliyezoea kuhatarisha roho yake mwenyewe husahau kwamba za wengine hazifanani na yake.

Land Cruiser ilitokea saa za alasiri, taa zimewashwa, mwendo wa heshima.

Wanawake wa Somanga walikuwa tayari. Mnazi umelala barabarani. Mbele ya mnazi kuna mkeka. Juu ya mkeka kalala Bibi Maimuna chali, kanga hadi kidevuni, pamba puani.

Breki zililia.

Wanaume wanne, kanzu nyeupe. Kornelio aliteremka mlango wa mbele, kanenepa kidogo, tasbihi mkononi aliyoishika kama funguo za gari.

"Jamani kina mama, tuna maiti."

"Hata mimi ni maiti," alisema Bibi Maimuna bila kufumbua macho. "Nimefika kwanza. Nizikeni kwanza."

Kicheko kililipuka. Abiria wa basi lililosimama walitoa vichwa madirishani.

"Mama, hatuna muda."

"Marehemu kabila gani?"

"Mmwera. Wa Mtama."

"Mmwera!" Wanawake walipiga vigelegele. Veronika alianza kulia kilio cha uongo, akijigaragaza. "Nani sasa atatumalizia togwa letu? Nani atatukopa asilipe?"

Bibi Maimuna aliketi. "Haya, wafiwa. Mimi Myao. Nitukaneni, mnipe chochote, mpite."

Kornelio aliingiza mkono mfukoni, akatoa burungutu la noti, akalitupa mkekani. "Chukua. Ondoa mti."

Wanawake walitazamana.

Bibi Maimuna aliupapasa ule mzigo wa noti bila kuunyanyua. Saad, nyuma ya moshi wa karai, aliona uso wa bibi ukibadilika.

"Nimezuia misiba tangu nikiwa mwari," alisema taratibu. "Wamwera hunipa kichwa cha kuku, hunipa kandambili moja, na hiyo baada ya kunitukana hadi mama yangu kaburini anageuka. Ninyi mnanipa yote haya, na hakuna aliyenitukana? Wewe mwenye tasbihi, nitukane."

"Mama, mimi nakuheshimu."

"Unaniheshimu!" Bibi Maimuna alisimama. "Mmwera ananiheshimu! Wenzangu, mmesikia? Na ninyi watatu, hamna hata mmoja mwenye tusi?"

Wale watatu walitazama chini. Mmoja aligusa kiuno chake chini ya kanzu. Saad alihesabu umbali na kuinua upawa mkubwa, ule wa kuchotea mafuta.

"Hawa si wafiwa," alisema Bibi Maimuna, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Umemwokota wapi maiti huyu, baba? Ana ndugu kweli?"

Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango, akalipiga jeneza kofi. "Mmwera! Amka useme kama unawajua hawa!"

Hapo Kornelio alifanya jambo ambalo mfiwa wa pwani hii hafanyi hata akiwa mwendawazimu. Alimkasirikia mtani.

Bastola ilitoka chini ya kanzu.

"Bi harusi, chini!"

Ilikuwa sauti ya Saad, ya ndani kabisa, na hakupata nafasi ya kuibadilisha. Hivyo ndivyo alivyomwita Bibi Maimuna tangu akiwa na miaka minne, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Bibi alianguka chini palepale.

Mafuta ya moto yalimpata Kornelio mkononi na shavuni. Risasi ikaenda angani. Kornelio akapiga yowe, macho kayafumba, bastola ikadondoka.

Wa pili alikuwa amechomoa SMG fupi. Glock ilibweka mara moja kutoka kwenye mfuko wa unga, unga ukatimka, yule mtu akakaa chini akishika paja.

Noah nyeusi ilifika ikiserereka.

"Chini! Wote chini! Mikono!"

Ikaisha.

Askari walifunua jeneza mbele ya umma, na safari hii hakuna aliyelalamika. Ndani ya sanda mlikuwa na pakiti, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa nailoni na kunyunyiziwa marashi ya maiti. Dawa za kulevya, za kutosha kuharibu watoto wa mitaa mizima. Wanawake walishika vichwa. Veronika, aliyekuwa akilia kwa uongo, sasa alilia kweli, kwa hasira ya kutaniana na unga.

Kornelio alipandishwa kwenye gari akiwa hajafumbua macho. Hakumwona aliyemmwagia. Askari walipogeuka kumtafuta mkaanga samaki wachukue maelezo, walikuta karai linachemka peke yake.

Saad alikuwa nyuma ya mabanda, juu ya Boxer yake. Alivua taulo. Upepo ulipiga uso wake mzima, na akajikuta anatabasamu kama mjinga. Leo jua halijazama atakuwa Kikole. Atapiga hodi. Alikuwa ameyapanga maneno kwa miaka mitano, na sasa hakukumbuka hata moja.

Aliwasha pikipiki, akafuata njia ya mchanga inayotokea barabara kuu mbele zaidi.

Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati ya njia. Bibi Maimuna amelala juu yake.

Alizima injini.

"Bibi, nipishe."

"Sitaki." Alikuwa anatweta, alikuwa amekimbia, na umri ule. "Msiba wako nilitembea hadi Kikole na miguu yangu hii. Nikakuta hitma na pilau. Hakuna jeneza. Nikakosa cha kuzuia. Mtani wangu, mjukuu wangu, nikakosa hata cha kumtukania. Nililia kama mfiwa. Uliniaibisha."

Saad aliteremsha miguu yote miwili mchangani.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Bibi Maimuna alifumba macho. Mtu aliyemjua angejua kwamba hapo anatafuta mzaha na hauoni.

"Masheikh walisema Warda ahesabiwe mjane," alisema. "Akakaa eda yote, Saad, bila kudanganya siku. Akakataa watu watatu. Mwaka jana akakubali, Shaaban wa kule bondeni, mtu wa mikorosho. Mtu mpole. Wana mtoto wa kiume, anaanza kukaa."

Kule barabarani king'ora kililia na kuondoka. Saad aliutazama usukani. Aliumia, na hakuna namna nyingine ya kulisema: aliumia kuliko ile nanga.

"Ananitaja?" aliuliza mwisho.

"Mtoto anaitwa Saad."

Aliinamisha kichwa juu ya usukani, akakaa hivyo. Angeweza kwenda. Angepiga hodi, na ndoa ile ingekuwa batili mlangoni, na yule mtoto angetazamwa kwa jicho lingine na kijiji kizima. Dativa alikuwa akijua. Ndicho alichotaka kusema Saad alipomkatia simu.

"Bibi, wewe hukuniona."

"Nimuone nani? Macho yangu mabovu. Naona maiti amepanda pikipiki." Sauti ilimtetemeka, lakini aliendelea, maana ndiyo kazi yake. "Tena maiti wa Kimwera, mbaya wa sura, ananuka samaki. Na hapa hapiti. Nitukane, unipe chochote."

Saad alimtukana.

Alimtukana kwa lile tusi la panya, lote, pamoja na babu wa Bibi Maimuna na mtego wake. Bibi alicheka hadi machozi yakamtiririka masikioni, kwa kuwa alikuwa bado chali. Saad naye alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano mtu kumtania kwa jina lake na kabila lake, na alijua kuwa pengine ndiyo ya mwisho.

Kisha akavua kofia ya kiua, akaitazama, akaiweka kwenye kiganja cha bibi.

Bibi Maimuna aliipapasa mshono kwa mshono. Aliitambua kazi ya nani. Akaifunga kwenye ncha ya kanga, akanyanyuka polepole akishikilia goti, akakunja mkeka na kusogea kando ya njia.

Simu ilitetemeka mfukoni. Dativa. Saad hakuipokea.

Alipofika barabara kuu, kulia ilikuwa njia ya kwenda Kikole. Aliwasha indiketa ya kushoto.

Nyuma yake Bibi Maimuna alisimama wima, akawapungia mkono wachukuzi wa jeneza wasiokuwepo.

"Haya," alisema kwa sauti kubwa, "mpitisheni."