Albamu Iliyosifiwa kwa Kilio cha Mama Yangu

Nina miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Robanda, kijiji ambacho ukilala mapema unaamka shamba lako limehamia tumboni mwa tembo. Kidato cha nne nilikimalizia kwenye masomo ya usiku pale Mugumu, nikisoma na watu wenye wajukuu, na siku ya matokeo nilicheka mpaka majirani wakataka kuniitia mganga. Mimi ni mtu wa kucheka. Nawaambia mapema ili mjue kwamba hasira ninayowaandikia nayo leo si kawaida yangu...

Darasani ndiko nilikompata Marwa, kijana wa Matongo kule Tarime, aliyekuwa amepanga chumba Mugumu. Tulikaa dawati moja. Hesabu hazikumshika hata kwa gundi, lakini mpe mdundo, angeghani kutoka Mugumu hadi Sirari bila kumeza mate. Yeye na wenzake wawili walikuwa na kundi la hip-hop, Nyasi Kavu, maandagraundi kabisa. Redio haikuwajua. Mimi sina sauti, nikapewa kazi ya kuwatafutia wasikilizaji. Nikaanzisha kundi la WhatsApp, nikaliita Maoni ya Albamu, nikaingiza kila mwenye masikio wilaya zote mbili, yetu na ya kina Marwa.

Wakiwa katikati ya kurekodi, baba yangu akafa. Alikuwa shambani analinda mahindi, tembo akamkanyaga.

Marwa alikuja msibani. Alibeba maji, alichimba kaburi na wanaume wa kwetu, nikasema huyu si rafiki tena, huyu ni ndugu. Wakati wa kuzika, mama alipoishiwa nguvu, mimi nilimshika upande huu, Marwa upande ule. Mama akalia kwa Kiikoma, lugha ya kwetu, maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema mbele za watu. Marwa akaninong'oneza, "Anasema nini, kaka?" Nikamtafsiria huku kamasi zikinitoka. Nilimwambia anamwita baba, anasema amka, tembo wameingia, nitawafukuza na nani?

Niliona ni huruma. Wewe ungedhani nini?

Miezi ikapita. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye kambi ya watalii, ndani huko ambako mtandao ni wa kubahatisha. Marwa alikuwa amenisikilizisha nyimbo sita tu, akaniambia zilizobaki nitazisikia na wenzangu siku ya kuachia albamu. Siku hiyo nilikuwa zamu. Niliporudi Robanda na kuwasha data, simu ikatetemeka kama ina malaria. Maoni! Mamia ya maoni... nikaanza kuyasoma hata wimbo sijafungua.

Wote walikuwa wanazungumzia wimbo namba saba.

Dereva wa bodaboda wa Mugumu alituma sauti: "Oya, huyo bibi wa namba saba mmemtoa wapi? Mlipeni alie na kwenye albamu ya pili." Mwingine wa Tarime mjini akaandika kwamba midundo ni ya kitoto, mistari ya kawaida, ila huyo mama ameibeba albamu mgongoni. Kutoka Sirari kukaja sauti yenye Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka: "Buda, huyo mathe analia ndani ya biti kabisa, ni kama alifanya mazoezi." Mmoja akalalamika kwamba kilio ni kirefu mno, wangekikata katikati.

Nilicheka, jamani. Nilicheka na wenzangu, nikidhani ni mwigizaji.

Kisha nikafungua namba saba... na mama yangu akalia ndani ya sikio langu.

Ndiyo, sauti ile ile ya kaburini, hata kikohozi changu kimo. Wameizungusha mara nne, wameiwekea ngoma chini, halafu Marwa anaitikia kwa Kiswahili: amka mzee, tembo wameingia. Tafsiri yangu, neno kwa neno. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake wakati amemshika mama!

Nikasema mama asijue. Nitazungumza na Marwa, wimbo utafutwa, yataisha. Lakini unafichaje wimbo ambao vijana wa stendi wanasalimiana nao? "Amka mzee!" "Tembo wameingia!" Wanacheka, wanapeana mikono.

Mama aliusikia kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa kwenye foleni na wanawake wenzake, mwendesha mashine akauweka kwenye spika. Aliacha mahindi pale pale akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta amekaa jikoni, moto haujawashwa.

Akaniuliza, "Siku ile mlinishika nisianguke, au mlinishika mnirekodi?"

Nikamwapia. Nikamwambia sikujua. Akasema, "Marwa hajui Kiikoma. Nani alimwambia nilichosema?"

Nikachutama kuwasha moto.

Kesho yake nilikwenda Matongo, ambako Marwa alikuwa amerudi kwao. Njia nzima nilimkaripia dereva wa bodaboda kana kwamba yeye ndiye Marwa. Nilimkuta uani amenawiri.

"Karibu, bosi wa maoni. Umeona watu wanavyotusifu?"

"Futa namba saba."

"Nifute? Kaka, hiyo ndiyo albamu yenyewe. Mimi nimemfanya mzee wako asisahaulike."

"Mama yako yuko ndani?"

"Yupo."

"Mwite atoke alie hapa, nimrekodi."

Akaniparamia, akanishika kola. "Mama yangu usimtaje."

"Ahaa," nikamwambia. "Kumbe na wewe unaye."

Mama yake akatoka kwa kelele zetu. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nimeshikwa kola. Akauliza kuna nini, nikamweleza. Yule mama akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiusikiliza kila asubuhi, aliambiwa ni msichana wa maigizo. Akamtazama mwanawe. "Umenifanya nimfurahie mjane mwenzangu akizika."

Marwa aliufuta mbele yetu. Lakini alifuta wa kwake tu. Je, ulio kwenye simu za stendi, baa na saluni, nani ataufuta?

Wiki chache baadaye tukamzika mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Wanawake wote walilia. Mama yangu aliuma kanga kwa meno, macho makavu, anatazama mikono ya watu mmoja mmoja, nani ameshika simu. Nikaenda kumshika, akanisukuma taratibu. "Weka kwanza simu yako nyumbani," akasema. Ananiambia mimi... mtoto wake wa kumzaa.

Mwenzangu msomaji, kama unaimba, kaombe ruhusa kwa mwenye uchungu wake kabla hujauwekea mdundo. Kama rafiki yako ananong'ona akuulize mama yako analia nini, mwambie hujasikia. Na wewe unayependa kutuma maoni, jiulize kwanza sauti hiyo ni ya nani.

Namba saba bado inazunguka. Kama unayo kwenye simu yako, usiniandikie kwamba imekugusa, maana hayo nimeyasoma mpaka nikatapika. Ifute.